Makofi ya Jumamosi ya Karnivali

Rosario, 11 Aprili 1990

Bi Hortensia Pagliero,
Nyumba ya Wageni La Perla,
Costa Tamarisco

Shikamoo.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni Ercilia Zubeldía, binti mkubwa wa familia iliyokodi kile kijumba cha vigae kinachotazamana na nyumba yako ya wageni, kiangazi cha mwaka 1957. Kama bado hujanikumbuka, nitataja lile ambalo mji wenu wote unalikumbuka: mimi ni dada wa mtoto aliyepotea.

Nidia alikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa Jumamosi ya karnivali, ufukwe umefurika watu. Mama alidhani yuko nami, mimi nikadhani yuko na Mama. Jioni ndoo yake ikaonekana ukingoni mwa maji, polisi wakaandika kwamba amezama, nasi tukarudi Rosario tukiwa watatu badala ya wanne. Mwili haukupatikana.

Sikuandikii ili nikulilie. Nafanya kazi kaunta ya gazeti, napokea matangazo ya vifo, na habari za namna hii nimeshazizoea. Nakuandikia kwa ajili ya Mama. Ana miaka sabini na sita, moyo wake umechoka, na daktari amesema tusitegemee afike Krismasi. Miaka yote hii amekataa katakata Nidia asomewe misa ya marehemu. Padre akianzisha habari hiyo, Mama anamfungulia mlango atoke. Anasema aliye hai haombewi kama maiti. Simu ikilia anajikokota kutoka kitandani, hata kama anayepiga ni muuza gesi. Sitaki afe hivyo, ameinua shingo anasikiliza mlango.

Ninachoomba si kikubwa. Nitafutie mtu mmoja aliyemwona mtoto akiingia majini. Mlinzi wa ufukwe, muuza maandazi ya churro, yeyote yule. Aandike mistari miwili, aweke sahihi. Nitamsomea Mama, atalia, padre ataitwa, yataisha.

Najua utaniona mtu mkavu. Ndivyo nilivyo.

Wako,
Ercilia Zubeldía

---

Costa Tamarisco, 24 Aprili 1990

Ercilia mwanangu,

Marahaba. Nakukumbuka vizuri sana. Ulikuwa na miguu mirefu, kitabu kwapani, na hucheki ovyo. Naona hujabadilika.

Umeniandikia wakati mzuri. Wageni wameshaondoka, tumebaki sisi, mbwa, na huu mchanga unaoingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nikavaa viatu nikaingia mitaani. Nilianza kwa Sosa, aliyekuwa mlinzi wa ufukwe enzi hizo. Siku hizi hasikii kitu mpaka utaje divai. Nikaitaja.

"Mtoto sikumwona akiingia majini," akasema. "Niliona ndoo. Wale polisi walitaka jibu kabla karnivali haijaisha, watu wasije wakakimbia mji. Nikawapa ndoo."

"Na wewe mwenyewe ulifikiri nini?"

"Mimi nilikuwa nalipwa kutazama, Hortensia, si kufikiri."

Nilimwachia chupa yake nikaenda kwa Ñata, yule aliyekuwa akiuza churro kwenye kikapu. Naye maji hakuona. Alisema kitu kikaniudhi kidogo, lakini nakuandikia kama kilivyo. "Siku ile mimi naikumbuka kwa furaha, Mungu anisamehe," akasema. "Upande wa kaskazini, kule kwenye gati, kuna mtoto alipotea akapatikana." Unaijua desturi ya ufukweni kwetu: mtoto akionekana analia peke yake, mtu mrefu anampandisha mabegani anatembea naye, na kila anapopita watu wanapiga makofi, mpaka mama mtu asikie aje. Ñata anasema makofi kama ya siku ile hajapata kuyasikia tena. Kutoka gatini karibu kufika katikati ya ufukwe. Mara mama mtu huyo, anakuja mbio huku analia, mtoto akamnyooshea mikono, watu wakapiga na miluzi. Kisha jioni, upande wa kusini, nyinyi ndiyo mkaanza kuita jina la Nidia.

"Siku hiyo hiyo mmoja kapatikana, mmoja kapotea," Ñata akaniambia. "Bahari hii haina haya."

Kwa hiyo shahidi wako sijampata. Nitaendelea kuuliza, lakini nisikudanganye, walio wengi wamekufa na waliobaki kila mmoja anakumbuka anachotaka. Mpe Mama yako salamu zangu. Nakumbuka alikuwa na sauti nzuri, akiimba anafua.

Hortensia

---

Rosario, 6 Mei 1990

Bi Hortensia,

Barua yako niliisomea kazini, kati ya tangazo moja na jingine, ikabidi nimwombe mwenzangu anishikie kaunta.

Yule mtoto aliyepatikana alikuwa nani?

Usinijibu haraka. Kaa ufikiri kama nilivyofikiri mimi. Ufukwe ni mmoja, siku ni moja. Polisi waliuliza mji mzima nani amemwona mtoto aliyepotea, na nyote mkasema hakuna. Mlisema kweli, maana mtoto mliyemwona alikuwa ameshapatikana. Makofi yakikoma, mambo yamekwisha, kila mtu anarudi kwenye taulo lake. Hakuna anayemwuliza mama anayelia vile jina lake nani. Nani angethubutu? Na lile tangazo la polisi lilikuwa na picha ya Nidia wa miezi minane, hana hata nywele. Ndiyo pekee tuliyokuwa nayo.

Makofi yale niliyasikia. Nilikuwa kwenye foleni ya huyo huyo Ñata. Nikabana kitabu kwapani nikapiga na mimi, kama kila mtu, wala sikutazama. Mama alikuwa chini ya mwavuli anamenya tunda. Akaweka kisu chini, naye akapiga makofi, akasema, "Heri yake mama yake." Nilimsikia kwa masikio yangu. Sijawahi kumkumbusha, na kuanzia juzi nimekuwa nikiomba awe amesahau.

Kuna jambo jingine. Wiki ile alikuwepo mwanamke aliyekuja kwenye uzio wetu mchana, wakati wa kupumzika, akimpa Nidia peremende. Alivaa kofia ya majani yenye utepe wa kijani. Nidia alimzoea, alikuwa akimwona tu anamkimbilia. Alitokea upande wako wa barabara, na mimi nilidhani ni mfanyakazi wako. Alikuwa nani?

Ercilia

---

Costa Tamarisco, 30 Mei 1990

Bi Ercilia,

Samahani kwa kuchelewa, nilishikwa na mafua.

Kuhusu huyo mwanamke wa kofia, sikumbuki. Kiangazi watu wanapita kwangu wengi, na kofia za namna hiyo ziliuzwa dukani kwa Bermúdez, nusu ya ufukwe walikuwa nazo.

Kuhusu mtoto aliyepatikana, ipo picha. Bassi mpiga picha aliipiga siku ile ile, na imetundikwa ukutani katika baa ya Neptuno tangu wakati huo, chini ya yule papa aliyekaushwa. Nimekwenda kuitazama. Haioneshi kitu. Mtoto amegeuka, mwanamke ameinama. Ni picha ya watu wanaopiga makofi, basi.

Ushauri wangu ni huu: zungumza na padre asome hiyo misa kimyakimya, Mama yako asijue. Mungu ataelewa. Kufukua mambo ya zamani hivi kunaumiza watu wasio na hatia.

Baridi imeanza mapema mwaka huu.

H. Pagliero

---

Costa Tamarisco, 30 Mei 1990

Alcira wangu, kipenzi cha mama mdogo,

Hamjambo huko kusini? Wavulana hawajambo? Yale meno uliyonitengenezea yanakaa vizuri, ila nikila nyama yanapiga kelele. Jumapili mgeni mmoja aligeuka akadhani kuna mtu anacheza karata.

Nina swali la kizee. Tangu dada yangu atutoke mwaka juzi nimekuwa mtu wa kuwazawaza, natamani kujua mambo ambayo sikumwuliza. Wewe, kitu cha kwanza kabisa unachokikumbuka katika maisha yako ni kipi? Mimi ni bata aliyenifukuza. Mama yako alipokwenda kukuchukua kwa wale masista kule milimani ulikuwa mdogo sana, huenda hukumbuki lolote. Kama hukumbuki niambie hukumbuki, nitafurahi vile vile. Nitafurahi zaidi.

Na ile kofia ya mama yako ya majani, yenye utepe, unayo bado? Kama unayo usiitupe. Au itupe. Sijui hata kwa nini nauliza, ni huu upweke wa baridi.

Nakukumbatia, na watoto pia.

Mama mdogo wako,
Hortensia

---

Comodoro Rivadavia, 16 Juni 1990

Mama mdogo, shikamoo.

Nyama uikate vipande vidogo, nimekwambia mara ngapi? Meno yale ni ya kutafunia, wewe unayafanya koleo. Ukija huku Septemba nitayasaga kidogo upande wa kushoto.

Sisi wazima. Mkubwa amevunja dirisha la shule na mdogo anajivunia utadhani amelivunja yeye. Upepo ni ule ule.

Swali lako ni rahisi, maana kumbukumbu yenyewe ni moja tu na ninayo maisha yangu yote. Niko juu, juu sana, nimeshika nywele za mtu. Chini yangu kuna vichwa vingi, kila kitu kinang'aa mpaka macho yanauma, na watu wote wananipigia makofi. Nilikuwa nimeogopa kabla ya hapo, hilo nalikumbuka, nimelia mpaka kwikwi. Makofi ndiyo yaliyonitoa woga. Nilipomwuliza Mama alisema ilikuwa karnivali ya hapa Comodoro, alinivalisha vazi la nyuki nikashinda zawadi. Nikaamini. Mpaka leo wanangu nawaambia mama yenu aliwahi kuwa malkia wa nyuki.

Ila, mama mdogo, karnivali ya hapa watu wanaitazama wamevaa makoti, upepo unavyopuliza. Wale wa kwangu walikuwa matumbo wazi. Sijawahi kulifikiria hilo mpaka nilipokaa kukuandikia.

Kofia iko kabatini, ukingo umekatika. Sasa niambie kwa nini unauliza. Unanizungukazunguka kama ninavyomgongagonga mgonjwa kutafuta jino linalomuuma. Mimi si mtoto. Liseme.

Alcira

---

Costa Tamarisco, 14 Julai 1990

Bi Hortensia,

Nakuandikia kwenye meza ya Neptuno. Nimekuja bila kukuarifu, kwa sababu nilijua ukijua hutakuwepo. Hata hivyo hupo. Jirani yako anasema umekwenda Mar del Plata kwa daktari wa macho, na alipokuwa akisema hivyo alitupia jicho dirisha lako la juu.

Picha haipo. Papa yupo, na chini yake kuna msumari na doa la ukuta lililo jeupe kuliko ukuta wote. Mhudumu ameniambia Bi Hortensia aliichukua mwezi wa tano akaisafishe kioo. Nimemwuliza ilikuwa inaonesha nini. Amefanya kazi miaka yote chini ya picha hiyo, na alichoweza kuniambia ni kwamba kuna watu wanafurahi.

Mtu haibi picha isiyoonesha kitu. Mwanamke yule unamjua.

Sina mpango wa kwenda polisi. Wale tuliwaona mwaka ule na wanatosha. Mama juzi alishindwa kushika kijiko. Nilipokuandikia mara ya kwanza nilikuwa natafuta kifo, nakiri, kifo chenye sahihi chini yake, kwa sababu kifo najua pa kukiweka. Sasa sikitaki tena. Kama Nidia yu hai niambie. Kama alikufa baadaye, mikononi mwa watu wengine, niambie na hilo. Chochote utakachosema nitakipokea, ila usiniambie tena kwamba baridi imeanza mapema.

Napitisha barua hii chini ya mlango wako. Nadhani unanisikia.

Ercilia

---

Costa Tamarisco, 16 Julai 1990

Alcira,

Ndani ya bahasha hii kuna picha. Itazame kwanza, kisha usome.

Mwanamke mwenye kofia, anayelia, ni Elvira dada yangu. Mtoto aliyemkumbatia shingoni ni wewe. Yule mrefu aliyekubeba alikuwa mgeni wa kiangazi, hakuna anayemjua. Mahali ni hapa, kwenye ufukwe wetu, Jumamosi ya karnivali ya mwaka 1957. Picha imekaa ukutani Neptuno miaka yote. Mimi mwenyewe nimesimama mbele yake sijui mara ngapi nikisubiri chenji, na sikuwahi kuiona mpaka mwezi wa tano nilipokwenda kuitazama makusudi.

Elvira alikuja kwangu kiangazi kile baada ya kuzika kichanga chake cha tatu. Alikuwa hali chakula, anakaa tu dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na familia ya Rosario yenye mtoto mdogo, na dada yangu akaanza kutoka nje, kupeleka peremende kwenye uzio. Nilifurahi nikijua anapata nafuu. Jumamosi ile aliingia mbio, akasema mumewe Ruperto anaumwa sana, basi linaondoka sasa hivi. Nilikuwa jikoni na chakula cha wageni, nikamwambia safari njema bila kugeuka. Wewe ulikuwa wapi wakati huo, nje mlangoni au kwenye basi tayari, sijui. Mwaka uliofuata akaandika kwamba masista wa milimani wamempa mtoto wa kike, na kwamba yeye na mumewe wamekuandikisha kama mtoto wao wa kuzaa. Watu wengi walifanya hivyo enzi hizo, hakuna aliyeshangaa. Hapa hakukanyaga tena. Alisema hewa ya bahari inamletea pumu, na Comodoro, mwanangu, iko baharini. Niliona haileti maana, nikaiacha.

Hujawahi kuwa wa masista. Jina lako ulilozaliwa nalo ni Nidia Zubeldía. Una dada, anaitwa Ercilia, ndiye aliyenifungua macho pasipo kutaka. Juzi alikuja mpaka mlangoni kwangu, nikajificha kwenye ngazi gizani, mzee mzima, nikasikia karatasi ikipita chini ya mlango na nikangoja hatua zake ziishe. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nilitaka kuichoma picha hii. Niliitia kwenye jiko nikaitoa. Sina mtu mwingine duniani ila wewe, na nilijua nikinyamaza nitabaki nawe. Lakini kule Rosario kuna mama mgonjwa, anaitwa Amanda, anayekataa binti yake asomewe misa kwa sababu anasema yu hai. Wote walimwona mwendawazimu, kumbe ndiye peke yake mwenye akili. Anwani nimeiandika nyuma ya picha.

Usinijibu ukiwa na hasira. Ukiwa huna la kuniambia, usinijibu.

Hortensia

---

Comodoro Rivadavia, 9 Agosti 1990

Bi Ercilia Zubeldía,

Jina langu ni Alcira Noguera. Natengeneza meno ya bandia, nina mume na wavulana wawili, na nina picha ambayo uliitafuta ukaikosa. Nimeiweka pamoja na barua hii. Bi Hortensia Pagliero ni mdogo wa mwanamke aliyenilea. Yeye hakujua, amejua mwaka huu, na akaniambia alipochoka kujificha. Nakueleza hivyo ili lawama yako uipime mwenyewe.

Nina kovu la chanjo ya ndui kwenye paja la kushoto. Shuleni kwetu sote tulichanjwa mkononi, wenzangu walinicheka kwamba nilichanjwa na daktari kipofu. Kama mdogo wako alichanjwa mkononi, chana barua hii na unisamehe kwa usumbufu.

Kama ni pajani, basi sikiliza. Aliyenilea alinisuka, alikesha nami nilipougua surua, alinifundisha kazi ya mkono. Nilimzika nikilia. Wiki hii nimeigeuza picha yake ikatazama ukuta, kisha nikaigeuza tena, kisha mume wangu akaniambia niishushe kabisa mpaka niamue, tukagombana. Usinitake nimtukane mbele yenu, sitaweza. Usinitake pia nimwite mama mtu nisiyemkumbuka. Nimejaribu. Nimekaa nimefumba macho kama mjinga, na hakuna uso, hakuna sauti, hakuna mtu anayeimba. Nakumbuka makofi tu.

Ila nimeambiwa kuna mtu ananingoja. Sijawahi kumngojesha mgonjwa hata siku moja. Nijibu niambie nije lini.

Alcira

---

Rosario, 2 Oktoba 1990

Bi Hortensia,

Alcira hajakuandikia na anasema hajui atakuandikia lini. Kwa hiyo nakuandikia mimi. Bado nimekukasirikia, nadhani nitakukasirikia muda mrefu, lakini si haki ubaki gizani.

Chanjo ilikuwa pajani. Daktari wetu aliwachanja hivyo wasichana wote wa mtaa, kovu lisionekane wakivaa mikono mifupi.

Nilikusudia nisimwambie Mama kabla, kwa ajili ya moyo wake, kisha nikaona moyo huo umeshabeba mazito kuliko hayo. Nikamwambia kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Hakupiga kelele. Alitaka tu akatwe nywele.

Alcira aliingia na boksi la biskuti, koti limemkaa upande. Mama alikuwa kitini. Alimtazama muda mrefu, mikono, masikio, namna anavyosimama, kisha akasema, "Kaa, binti. Safari ilikuwaje?" Ndivyo watu wanavyoanza na mgeni. Wakazungumza habari za upepo, za wavulana, za dirisha la shule. Aliposikia kazi yake, Mama akayavua meno yake hapo hapo akamkabidhi. Alcira akavaa miwani, akayageuza kwenye mwanga, akasema aliyeyatengeneza afungwe jela. Mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama ana kicheko.

Alikaa nasi karibu wiki. Alimsagia meno kwa kifaa alichokuja nacho, alimpikia, alikaa naye uani kwenye jua. Hakumwita mama hata mara moja, na Mama hakumdai. Nilidhani hayo ndiyo yote yatakayokuwepo, na kwamba yanatosha.

Jioni moja, Alcira amekwenda kumpigia simu mumewe, Mama akaniita.

"Ni yeye," akasema. "Nilimjua alivyokunja miguu kitini. Mwanamke mzuri. Mwenye adabu."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa niitie padre."

Nilidhani anajisikia vibaya. Akasema hapana, anataka ile misa. Misa ya Nidia. Nikamwambia, Mama, aliye hai haombewi kama maiti, wewe mwenyewe umetufukuzia mapadre kwa maneno hayo.

"Huyu yu hai, namwona," akasema. "Mimi sikupoteza mwanamke, Ercilia. Nilipoteza mtoto wa miaka mitatu. Huyo ndiye niliyekuwa namngoja, na sasa najua haji tena. Nyinyi mnataka nifurahi, na nimefurahi. Lakini na yule naye alikuwa mwanangu, lazima aliliwe."

Kazini kwangu napokea watu waliofiwa kila siku, na hakuna aliyewahi kuniletea msiba wa namna hiyo. Kilichoniogopesha ni kumwambia Alcira. Nilimwambia sebuleni, nimesimama, nikimweleza kwamba hana lazima ya kuja, kwamba tunaweza kungoja mpaka aondoke. Akaniuliza kama ninayo skafu nyeusi ya kumwazima.

Kabla sijaendelea, nisije nikasahau: aliniomba nikuulize kama meno yako bado yanapiga kelele. Sikumwuliza maana yake. Unaweza kulichukua upendavyo.

Misa ilisomwa Jumapili, saa ya wazee. Padre hatukumwambia lolote. Alifurahi tu kwamba bibi mkaidi hatimaye amekubali, akaniandikisha jina na mwaka. Tulikuwa wachache, sisi na majirani wawili watatu. Alipolitamka jina la Nidia Zubeldía Mama alianza kulia, kwa sauti, bila kujizuia, kilio ambacho sikukisikia hata ile jioni ya ufukweni, mpaka watu wakageuka. Alcira alikuwa amekaa upande wake wa kulia. Akamshika mkono akamwambia, "Lia, mama." Padre akaomba marehemu apewe raha ya milele, sisi sote tukaitikia, na Alcira akaitikia pamoja nasi.

Ercilia